Mwalimu Dativa Kokwijuka na Ukuta wa Muleba

Tarehe 30 Juni 2025 Mwalimu Dativa Kokwijuka anastaafu, baada ya kukitumikia chuo chetu cha ujenzi hapa Hamugembe, Bukoba, kwa miaka thelathini na mmoja. Tarehe hiyo ameihakiki mwenyewe. Barua ya kustaafu ilipomfikia hakushangilia wala hakuhuzunika. Alikwenda nayo ofisi ya utumishi akitaka kujua aliyeiandika ni nani na mwaka wake wa kuzaliwa ameutoa wapi. Walipomwonyesha cheti chake, alikigeuza nyuma, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, ndipo akasema, "Haya, nimekubali. Nimezeeka."

Mwalimu Dativa ana shaka na kila kitu. Ana shaka na hali ya hewa, na mizani ya sokoni, na mtu anayecheka kabla hajaambiwa la kuchekesha. Msimu mmoja wa senene, wale panzi wa kuliwa, mwanafunzi alimletea kopo zima la senene waliokaangwa, wiki moja kabla ya mitihani. Alilipokea, akashukuru, akaliweka katikati ya meza ya chumba cha walimu, kisha akatutangazia jina la aliyelileta pamoja na somo lililokuwa likimsumbua. Tulikula wote. Kijana alifaulu, na hadi leo hakuna anayeweza kudai ni kwa sababu ya senene.

Alizaliwa Ijumbi, Muleba, katika kibanja cha migomba na kahawa, akaja kwetu mwaka 1994 kufundisha uchoraji wa majengo. Alikwenda Dar es Salaam kwa masomo ya juu, akarudi, na mwaka 2006 akawa mratibu wa usanifu katika kazi zetu zote za ukarabati. Kwa wasioijua kazi hiyo: jengo la zamani linapofanyiwa ukarabati, msanifu anachora lake, mhandisi lake, fundi wa umeme lake, na mwenye jengo anabadili mawazo kila akiamka. Mratibu ndiye anayekaa katikati kuhakikisha michoro yote inazungumzia jengo moja. Ni kazi ya kushuku kwa mshahara. Swali lake la kwanza kwa yeyote aliyemletea mchoro msafi lilikuwa kama ameingia ndani ya hilo jengo au amelitazama kutoka barabarani.

Kazi yake ya pili ilikuwa kuhariri jarida la utafiti la chuo. Hapo alikuwa na tabia iliyowachosha wengi. Makala ikifika mezani kwake, alianza kusoma mwisho, kwenye marejeo. Alitaka kujua nani amemnukuu nani, na yule aliyenukuliwa naye alilitoa wapi neno lake, mpaka afike mahali lilipozaliwa. Mimi nilikuwa msaidizi wake katika jarida hilo, na nakiri kwamba mara nyingi niliombea apate mafua tupumzike.

Baada ya tetemeko la mwaka 2016, majengo mengi ya Bukoba na Muleba yalihitaji kukarabatiwa, na ghafla kila mtu akawa mtaalamu wa kuta za zamani. Mwalimu Dativa aliwatazama wataalamu hao kama mama anavyomtazama mgeni aliyekuja kuposa bila mshenga. Shaka yake ilifika kileleni mwaka 2021, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu wengi mmesikia kisa hiki vipande vipande, na vingine si vya kweli.

Chuo kilikuwa kimepewa ghala la zamani la kahawa pale Muleba ili kiligeuze kuwa tawi. Chini zingekuwa karakana, na juu ingejengwa sakafu mpya ya maktaba. Usanifu uliongozwa na Dokta Audax Ishengoma, aliyekuwa mkuu wetu wa utafiti, mtu mwenye sauti nzuri na suti nzuri zaidi. Michoro yake iliiegemeza sakafu ya maktaba juu ya kuta zilezile za zamani, bila nguzo hata moja. Ripoti yake ilisema tofali za kuchoma za mkoa wetu zinaubeba uzito huo bila wasiwasi, na ilitaja makala saba za waandishi mbalimbali kuthibitisha hilo.

"Saba," Mwalimu Dativa aliniambia. "Na zote zinakubaliana. Isaac, umeshawahi kuona wahandisi saba wakikubaliana?"

Akaanza safari yake ya kurudi nyuma. Makala ya saba iliinukuu ya tano, ya tano ikainukuu ya tatu, ya tatu ya kwanza, na ya kwanza ilinukuu ripoti ya chuo chetu ambayo haikuwahi kuchapishwa, na ambayo nakala yake hatukuipata popote. Zilikuwa makala saba, lakini upimaji ulifanyika mara moja tu, na hakuna iliyosema ulifanyika wapi. Zaidi ya hayo, majina ya waandishi yalitofautiana lakini lugha ilikuwa moja. Zote zilikuwa na maneno yaleyale: ukuta "huchoka kabla ya kupasuka." Zote ziliweka "hata hivyo" mahali palepale pasipoihitaji. Mwalimu alizisoma kwa sauti mfululizo, nami nikawa nasikia mtu mmoja akibadilisha kofia.

Wiki hiyohiyo tulipokea makala nyingine, ya Jovita Kamugisha, mhadhiri msaidizi kijana aliyekuwa akisubiri mkataba wake uongezwe. Ilihusu kuta za tofali za kuchoma. Na humo ndani, ukurasa wa pili, ukuta huchoka kabla ya kupasuka.

Mwalimu Dativa aliona amempata mwizi wa maneno. Katika kikao cha idara, mbele yetu sote, Dokta Audax akiwa ameketi kiti cha mbele, alisema makala ya Jovita imenakiliwa kutoka kazi za wakubwa zake na jarida halitaipokea. Dokta Audax alitikisa kichwa kwa masikitiko. Jovita alifungua mdomo, akamtazama Dokta, akaufunga, akatoka. Kuongezwa kwa mkataba wake kukasimamishwa. Chai ilipoandaliwa, hakuna aliyeketi karibu na kiti chake. Hata mimi nilianza kufunga droo yangu kila nikitoka, ingawa sikuwa na chochote cha kuibiwa.

Kilichomrudisha Mwalimu ni jambo dogo. Siku kadhaa baadaye nilimkuta ameinamia makala ileile aliyoikataa. Jovita alikuwa ameongeza maneno ambayo wale saba hawakuwa nayo: kwamba matokeo yanahusu ukuta ambao tofali zake zimeunganishwa kwa mota ya saruji tu, na mwingine wowote upimwe upya.

"Anayenakili hupunguza," alisema. "Huwa haongezi tahadhari. Tahadhari huwekwa na mtu aliyekuwapo." Akaifunga makala, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Waitu, jamani, nimefanya nini?"

Jioni hiyo tulikwenda kwa Jovita, hatua chache kutoka chuoni, ndani kidogo ya migomba. Alikuwa akimenya ndizi barazani na hakusimama kutupokea.

"Shikamoo, mwalimu. Umekuja kunichunguza tena?"

"Marahaba. Nimekuja kuuliza. Ulipima ukuta upi?"

Jovita aliendelea kumenya. "Uliponiita mwizi hukuuliza ukuta upi."

"Sikuuliza. Nauliza sasa."

Ikabidi tungoje. Alimaliza ndizi aliyokuwa nayo, akaiweka kwenye maji, ndipo akasema. Alipokuwa ndiyo kwanza ameanza kazi, alipima ukuta wa karakana yetu hapahapa Hamugembe, uliojengwa kwa saruji miaka ya sabini, akaandika ripoti. Dokta Audax aliiomba ili airekebishe. Iliporudi ilikuwa makala yenye jina la Dokta. Baadaye ikawa makala nyingine zenye majina ya marafiki zake, na ile tahadhari ikawa imeondolewa njiani.

"Kwa nini hukusema kikaoni?" nilimuuliza.

"Nimwambie nani? Wewe uliyekuwa umetazama chini?"

Nikatazama chini tena.

"Na ukuta wa Muleba?" Mwalimu aliuliza.

"Ule wa ghala? Sijawahi hata kuugusa."

Kesho yake tulikwenda Muleba watatu kwa pikapu ya chuo. Njia nzima dereva alizungumza peke yake. Ghala lilipendeza kwa macho, limepigwa lipu ya saruji nje na ndani, na mtu angeapa kwamba ni saruji tupu. Mwalimu Dativa hakuapa. Alitafuta mahali ambapo lipu ilikuwa imeinuka, akaibandua kwa mkono, akaingiza ufunguo wa nyumba yake katikati ya tofali mbili. Ufunguo ulizama wote. Alipouchomoa, vumbi jekundu lilimwagika chini kama unga kwenye mfuko uliotoboka. Ukuta mzima ulikuwa umeshikwa kwa udongo. Juu yake tulikuwa karibu kuweka sakafu ya zege, makabati ya vitabu, na wanafunzi.

Jovita alichukua vumbi lile kiganjani, akalisugua kwa kidole. "Wangekuwa ndani," alisema.

Mkuu wa Chuo, Mwalimu Najibu, aliitisha kikao siku iliyofuata. Mwalimu Dativa aliweka mfuko wa vumbi mezani na kueleza njia yote, kutoka makala ya saba hadi ukuta wa karakana. Dokta Audax alisikiliza akitabasamu.

"Tatizo lako, Dativa, wewe humwamini mtu yeyote."

"Ningekuwa hivyo, Dokta, nisingekosea," alijibu. "Nilipoona maneno ya watu wawili yamefanana, nilimshuku mdogo, kwa sababu mkubwa ana cheo. Hiyo ni imani. Niliiweka mahali pabaya."

Kisha akasimama, akamgeukia Jovita, katika chumba kilekile na mbele ya watu walewale. "Nilikuita mwizi hapa. Hukuiba. Uliibiwa, na mimi nikamsaidia aliyekuibia. Naomba unisamehe."

Ningependa kuandika kwamba walikumbatiana. Jovita alisema, "Nimekusikia, mwalimu," basi. Ulipita zaidi ya mwaka kabla hajaketi naye meza moja kwa chai, na Mwalimu Dativa hakuwahi kumharakisha.

Ujenzi ulisimamishwa na jarida likachapisha masahihisho lenyewe, yakimtaja aliyepima na alichopima. Mkataba wa Jovita uliongezwa. Dokta Audax alijiondoa kwenye mradi, na mwisho wa mwaka akahamia kwingine. Mpaka leo anasema alionewa wivu. Wapo kati yetu wanaoamini kwamba baada ya kuyarudia mara saba alisahau kweli kwamba maneno yale hayakuwa yake. Mimi siamini, lakini nimekaa na Mwalimu Dativa muda mrefu mno, na huenda ameniambukiza.

Usanifu ulianza upya. Jovita alipima kila ukuta wa ghala; Mwalimu aliratibu. Sakafu ya maktaba sasa imesimama juu ya nguzo za chuma zenye misingi yake, na kuta za zamani hazibebi chochote zaidi ya paa zililolizoea. Kazi hiyo ilitupa sote tabu. Mwalimu alirudisha michoro ya ngazi mpaka msanifu akatishia kurudi kwao Karagwe. Jengo lilipofunguliwa mwaka 2023, wageni walipanda maktaba wakipiga makofi na vigelegele, naye akabaki karakana chini, peke yake, sikio akilielekeza juu, akiisikiliza sakafu. Tulipomfuata alituambia ameridhika kwa leo.

Mafanikio yake mengine ni mengi. Amesimamia usanifu wa madarasa, zahanati na nyumba za ibada kutoka Bukoba mjini hadi vijiji vya karibu na Rubya, za Wakatoliki na za Walutheri, na wote amewachelewesha kwa usawa. Amelea wahadhiri ambao leo, wakipokea mchoro, huvaa viatu vya matope kwanza. Ametufundisha kwamba jina chini ya maandishi ni madai kama madai mengine, na linastahili kuulizwa. Hakupendwa kila siku. Nadhani asingependa niandike kwamba alipendwa kila siku, kwa kuwa angeniuliza nimelitoa wapi.

Mwezi uliopita Jovita alikamilisha kitabu cha mwongozo wa kukarabati majengo ya tofali za zamani. Kwenye jalada aliandika majina mawili, lake na la Mwalimu Dativa, akampelekea nakala kama zawadi ya kuagana. Mwalimu alikisoma siku tatu. Kisha alikuja ofisini kwa Jovita, nami nikiwapo, akavuta kiti, akauliza, "Mimi nimeandika ukurasa gani?"

"Hakuna, mwalimu. Lakini bila wewe..."

"Basi nitoe."

Jovita alibisha. Walibishana mpaka nikafunga mlango ili wanafunzi wasisikie. Hatimaye alilitoa jina lile, na kitabu kimekwenda kuchapwa kikiwa na mwandishi mmoja. Ila kwenye ukurasa wa shukrani ameandika mstari ambao Mwalimu ameusoma, akaurudia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakutafuta kosa: "Kwa Mwalimu Dativa, aliyenishuku, kisha akaja nyumbani kuniuliza."

Mwalimu, chuo kinakushukuru kwa miaka yote hii, na sisi tuliokuwa tukiombea upate mafua tunakushukuru zaidi. Nenda Ijumbi salama. Kahawa ikuzalie, wajukuu wakuzunguke, na afya isikupe sababu yoyote ya kuitilia shaka. Tunakuombea maisha marefu yenye raha, na hili tunalisema kwa kauli yetu wenyewe.

Isaac Rwechungura,
kwa niaba ya wafanyakazi wenzako