Fundi Aliyelivisha Tangi Kofia

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika mamlaka yetu ya maji, mhandisi mkuu wa mawasiliano na mitambo ya kujiendesha anastaafu. Hicho ndicho cheo chake kwenye barua za ofisi. Sisi wengine tunamwita Mama Kwanini, naye huitika.

Jina hilo hakulipata kazini, alikuja nalo kutoka kwao. Baba yake, fundi baiskeli, alirudi nyumbani jioni moja akaikuta redio ya familia imelala mezani vipande vipande, na binti yake wa darasa la nne ameinama juu yake na bisibisi ya dukani. Baba mwingine angevua mkanda. Yule mzee alivuta kigoda, akauliza, "Haya, umemwona anayesema?" Binti akajibu kwamba hajamwona, ila ameona sauti inapotokea, nayo ni karatasi tu, na sasa anataka kujua kwa nini karatasi iseme. Redio ilikaa kimya mwezi mzima kabla ya kurudi kuwa redio. Mama yake, aliyekosa vipindi vyake vyote, ndiye aliyempachika jina.

Kwetu aliajiriwa kama fundi wa simu. Siku hizo maji ya mji huu yaliendeshwa kwa mdomo. Kila tangi la mlimani lilikuwa na mlinzi wake na simu ya kuzungusha mkono. Maji yakijaa, mlinzi alipiga simu kwenye nyumba ya pampu: "Zima!" Yakipungua: "Washa!" Kazi ya Mama Kwanini ilikuwa kuhakikisha maneno hayo mawili yanafika. Usidhani ni kazi ndogo. Mchwa walipenda nguzo, mijusi walipenda visanduku vya kuunganishia, na mvua ikinyesha laini zilinguruma kama tumbo la mwenye njaa. Alijizoeza kutambua kasoro kwa sikio. Mkwaruzo ulimaanisha kutu, mluzi ulimaanisha waya uliolegea, na kimya kabisa kilimaanisha kuna mtu amejipatia kamba ya kuanikia nguo.

Zilipokuja redio za mawasiliano, nyaya zikaondoka na vituko vipya vikaingia. Jumamosi moja alasiri, redio ya nyumba ya pampu, badala ya kutuletea kimo cha maji, ilianza kutoa hotuba ya harusi. Mjomba wa bibi harusi alikuwa akimwonya bwana harusi kuhusu tabia ya kurudi nyumbani amechelewa, nasi tulimsikia neno kwa neno. Sisi tulicheka, Mama Kwanini akachukua antena ya mkononi na kuifuata ile sauti mtaa kwa mtaa mpaka akafika mlangoni mwa ukumbi. Kipaza sauti kisicho na waya kilikuwa kimekalia masafa yetu. Wenye harusi walimkaribisha, wakampa kiti na sahani, na alipomaliza kula aliwahamishia kipaza sauti chao kwenye masafa mengine. Aliporudi alituambia kwamba hotuba ilikuwa nzuri lakini ndefu.

Kisha ikaja hatua kubwa zaidi, mitambo ya kujiendesha. Juu ya kila tangi kikafungwa kifaa cha kupima kimo cha maji. Kifaa hicho hakigusi maji. Hutuma chini sauti isiyosikika na sikio la binadamu, husubiri mwangwi urudi, kisha hukadiria umbali. Vipimo vinakwenda kwa redio hadi kwenye kompyuta ndogo inayowasha na kuzima pampu bila kumuuliza mtu. Walinzi wengi walihamishiwa idara nyingine. Kwenye tangi la juu alibaki mmoja tu, tuliyemwita Mzee wa Tangi, akawa sasa analinda ua na geti.

Haukupita muda mrefu, tangi hilo likaanza kumwagika. Kila alasiri maji yalijaa, yakatoka kwa bomba la kupunguzia na kuteremka mlimani, mpaka siku moja yakaingia madarasani katika shule iliyo chini ya mteremko. Watoto walirudi makwao wakiwa wamebeba viatu mkononi. Wakaguzi walikikuta kifaa kizima, redio nzima, pampu nzima. Basi vidole vyote vikamwelekea mzee. Ilisemwa kwamba anachezea mitambo kwa sababu imemnyang'anya kazi. Kamati ya nidhamu ikapangiwa tarehe.

Mama Kwanini alikwenda kwa meneja wa uendeshaji kuomba apewe wiki moja.

"Mashine haina wivu, mama," meneja alimwambia. "Mwenye wivu ni mtu."

"Kweli haina wivu, mkuu," alijibu. "Lakini hii ina sikio, na sikio hudanganyika."

Akapewa wiki yake, naye akaianza kwa kukosea. Karibu na tangi kulikuwa na karakana ya kuchomelea madirisha, na alishuku kwamba cheche za pale zinavuruga redio. Akamwomba fundi wa kuchomelea azime mashine yake alasiri mbili.

"Dada, yaani maji yenu yamwagike, halafu nikose kazi mimi?" fundi alilalamika, lakini akazima. Tangi likamwagika vilevile. Mama Kwanini alirudi karakana kumwomba radhi, akapanda tena mlimani, akaketi kwenye benchi la mlinzi.

Watu wote walikuwa wamemuuliza mzee nani amefungua nini. Yeye aliuliza jingine. "Mzee, wewe unashinda hapa. Ni siku zipi halimwagiki?"

Mzee alifikiri. "Siku za mawingu, mwanangu. Wingu likitanda, tangi linatulia kama mtoto aliyeshiba."

Kutoka hapo hakukaa tena kitako. Alimwita mhandisi wa kampuni iliyotuuzia mitambo, kijana mwenye subira na mdadisi kama yeye, wakapanda pamoja juu ya tangi jua likiwa utosini. Kijana alikigusa kifaa na kuurudisha mkono haraka. "Hii ni pasi!" alisema. Wakatazamana. Mambo yakaanza kujipanga. Sauti husafiri kwa kasi zaidi kwenye hewa ya moto, kwa hiyo kifaa kina kipimajoto cha kurekebishia hesabu zake. Ila kipimajoto hicho kilikuwa ndani ya kichwa cha kifaa chenyewe, nacho kilikuwa kikiokwa na jua juu ya paa la bati. Ndani ya tangi, karibu na maji, hewa ilikuwa baridi. Kifaa kiliamini kwamba hewa yote ina joto la kichwa chake, kwa hiyo kikaona maji yako chini kuliko yalivyokuwa. Pampu ikaendelea kusukuma, ikisubiri maji yapande upana wa kiganja tu, upana ambao usingefikiwa kamwe, maana maji yalikuwa yakitokea kwenye bomba la kupunguzia.

Maelezo yalipendeza, lakini yeye hakuridhika na maelezo. Alimtuma mzee karakana kuazima karai. Fundi wa kuchomelea alilileta mwenyewe, kwa sababu naye sasa alitaka kujua mwisho wake. Mimi siku hiyo nilikuwa chini, chumba cha mitambo, mbele ya skrini. Tangi lilikuwa limeshaanza kumwagika. Redio ikakoroma.

"Nimekifunika kwa karai. Unaona nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Tulia. Angalia tu."

Nikaangalia. Kichwa cha kifaa kilipopoa, kile kimstari cha buluu cha kimo cha maji, ambacho kwa wiki kadhaa kiligoma kila alasiri, kilianza kupanda taratibu kama mtu anayeinuka usingizini.

"Kinapanda, mama! Kinapanda!"

"Na pampu?"

"Imejizima. Imejizima yenyewe!"

Redio ilibaki wazi. Kisha tulimsikia Mzee wa Tangi akicheka, kicheko kirefu ambacho katikati yake kiligeuka kikawa kitu kingine, na mtu akaachia kitufe upesi ili tusisikie zaidi.

Kamati ya nidhamu haikukaa. Meneja wetu, na hili tunamheshimu kwalo mpaka leo, hakutuma barua. Alipanda mlima kwa miguu akasema mbele ya watu, "Mzee, nimekukosea." Mzee akamjibu, "Umenikosea kweli. Kaa unywe chai." Fundi wa kuchomelea akapewa kazi ya kutengeneza kofia za bati kwa matangi yote, na mzee akaendelea kuwa nasi mpaka alipostaafu kwa heshima zake.

Tangu hapo idara yetu ina kanuni moja ambayo haimo kwenye mwongozo wowote: kabla ya kumshuku mtu, panda juu ukaguse kifaa kwa mkono wako. Mama Kwanini ameifundisha kwa mafundi wa rika zote. Alituletea pia mtandao wa nyuzi za kioo unaounganisha vituo vyetu vyote, akasimamia chumba kipya cha mitambo, na akakataa mara mbili kuhamia ofisi yenye zulia, akisema kule hakuna kinachoharibika. Mume wake, fundi cherehani, anatuambia nyumbani mambo ni yaleyale. Anasema mke wake ndiye mtu pekee anayepewa shati lililoshonwa vizuri akauliza kwa nini kola haianguki. Watoto wao wawili, mmoja muuguzi na mwingine mwalimu wa michezo, wanasema walikimbia umeme ili wapate kupumzika.

Sasa tunaingia kwenye vifaa vya kusikiliza mabomba chini ya ardhi, ili tugundue yanapovuja kabla barabara haijatitia. Katika kikao chake cha mwisho nasi, wiki iliyopita, tuliusifu sana mradi huo. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akainua mkono. "Bomba la chuma likivuja linapiga kelele, sauti inafika mbali. La plastiki linameza sauti yake. Na nusu ya mji tumeweka plastiki. Hayo tutayasikiaje?"

 Akatabasamu, akachukua mkoba wake, akasema swali hilo sasa ni letu.

Mama, tumekaa nalo tangu siku ile na bado hatujalipatia jibu, ila hatulali nalo vibaya; tunalifurahia, kama ulivyotufundisha. Asante kwa kazi, kwa uvumilivu, na kwa kila "kwa nini" iliyotuchelewesha chakula cha mchana. Mungu akupe afya, nyumba yenye vicheko, na asubuhi ndefu zisizo na kengele ya hatari. Tukilipata jibu tutakupigia simu. Tusipolipata, tutakupigia upesi zaidi.