Mwalimu Anania Kalinga na Safari za Usaili

Tarehe 30 Juni 1978, Ndugu Anania Kalinga atakabidhi funguo za chumba cha muziki cha shule yetu hapa Iringa, baada ya kufundisha kwa miaka ishirini na saba na miezi mitano. Alifika Januari 1951 na baiskeli, sanduku moja la bati, na sauti nzito ambayo, wanasema waliomkuta, iliwafanya wapishi waache miiko sufuriani ili wasikilize.

Wazazi wanamjua kwa kwaya. Sisi wenzake tunamjua pia kwa kusahau chai hadi inapoa, na kwa kuazima chaki bila kuzirudisha. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwahi kuandikwa kwenye ratiba. Kila mwaka, wanafunzi waliotaka kwenda vyuoni kusomea ngoma, muziki au maigizo walimfuata yeye. Vipaji vilikuwepo. Kilichokosekana ni pesa ya fomu, ya picha, ya stempu, ya cheti cha daktari, ya nauli kwenda Dar es Salaam na kurudi, na mahali pa kulala wakingoja kuitwa mbele ya wasaili. Mwalimu aliyaandika yote ubaoni kabla mtu hajanunua chochote.

“Fomu ndiyo rahisi,” aliwaambia. “Niambie utafikaje, na utarudije.”

Mwaka 1974 alikuwepo Mbuke, binti wa wafugaji waliohamia Usangu kutoka Usukumani. Alicheza na kuimba kwa namna ambayo hatujaiona tena shuleni hapa. Yeye na wenzake wawili walitaka kuomba vyuo vitatu kila mmoja. Mwalimu aliwauliza ni kipi wangekubali kwenda kwa moyo wote, wakataja kimoja. Vingine akavifuta.

Hata hicho kimoja kilikuwa kizito. Baba yake Mbuke, Mzee Nkuba, alikuja kutoka Chimala akiwa ameshapata mnunuzi wa mtamba wake.

“Mzee wangu, huyo mwache zizini kwanza,” Mwalimu alimwambia. “Tuulize. Kuuliza ni stempu moja.”

Barua ya kwenda chuoni niliipiga chapa mimi. Aliomba mambo mawili: ada ya maombi isubiri mpaka mwanafunzi achaguliwe, na kama wasaili wana safari ya huku Nyanda za Juu, wawaone vijana huku huku. Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Ada ingesubiri. Wasaili wangekuwa Mbeya kwa siku mbili, mwezi Agosti.

Waliondoka Iringa na Mwalimu kwa lori lililokuwa likienda kuchukua mchele Chimala, na ngoma moja ya kutumia wote watatu. Walilala kwa Mzee Nkuba, wakala ugali na maziwa ya mgando, na asubuhi wakapanda basi kwenda Mbeya. Mavazi walishona wenyewe kwa kitambaa cha mapazia ya zamani ya bwalo letu.

Mbuke alipoitwa, aligeuka mlangoni.

“Mwalimu, nimesahau ninavyoanza.”

“Unaanza kwa kuvuta pumzi,” alimjibu. “Mengine miguu inayajua.”

Alibaki nje, mikono mfukoni, midomo ikifuatisha kila neno lililosikika kupitia dirishani.

Mbuke na mwenzake mmoja walichaguliwa. Liberatus, wa tatu, hakuchaguliwa, na Mwalimu alimsindikiza mpaka kwao Igowole ili wazazi wasikie kwake kwamba kijana hakuzembea. Kati ya mwaka ule na huu, wanafunzi kumi na wanane wamesailiwa kwa njia hiyo. Kumi na mmoja walipata nafasi.

Mbuke sasa anacheza katika kikundi kimoja Dar es Salaam. Barua zake Mwalimu hutusomea wakati wa chai, na akifika mahali anapoeleza taa za jukwaani hupunguza mwendo. Hajawahi kumwona akicheza huko. Kila likizo, nauli yake ilipata mwanafunzi wa kuitumia.

Wiki iliyopita, tulipokuwa tukihesabu vifaa vya chumba cha muziki, nilimuuliza ni nani aliyemfundisha kukadiria gharama namna ile. Alikaa juu ya meza.

“Mwaka 1946 niliitwa usaili wa kuimba, chuo cha Tanga,” alisema. “Nililipa ada, nikapiga picha, nikanunua shati jeupe. Nilipofika stendi nikakuta nimebaki na nusu ya nauli. Nilisimama pale na shati langu mpaka basi likapotelea kwenye vumbi.”

Nilimwomba aniimbie wimbo aliokuwa ameuandaa. Aliimba ubeti wa kwanza, sauti ile ile, kisha akaishia hapo.

“Wa pili umenitoka, dada Kalista.”

Mwalimu Anania anarudi Kalenga, kwenye shamba lake la mahindi. Mwalimu, asante kwa kila kijana uliyemfikisha mlangoni na kumrudisha kwao salama. Tutakukosa kuliko tunavyoweza kuandika kwenye jarida hili. Uwe na siku nyingi zenye afya na utulivu, na asubuhi moja, ukiwa katikati ya mahindi, ubeti wa pili ukurudie. Siku hiyo utuite. Tutakuja kusikiliza.

Kalista Ngimba
Mpiga chapa wa shule