Pongezi Kutoka kwa Namba Mbili

Mheshimiwa Meneja, uliyetufungulia darasa la Kiingereza ndani ya kantini na leo ukavaa tai kwa ajili yetu, Mwalimu wetu, uliyetuvumilia miezi sita, siku tatu kwa wiki, sisi tukinuka sabuni na wewe ukinuka chaki, wakuu wa vitengo vya kufua, kukausha na kupiga pasi, fundi wa boila, ambaye leo ndiyo mara ya kwanza tunauona uso wako bila masizi, ndugu wageni waalikwa kutoka hospitalini na hotelini, ambao siri za mashuka yenu tunazijua na hatuzisemi, wafanyakazi wenzangu, na mwisho kabisa, mwisho kwa makusudi, mama yangu mdogo, mshona vifungo, mshindi wa leo: habari za mchana.

Nianze kwa kusema kwamba sikuomba kusimama hapa. Kazini kwetu kuna desturi, sijui aliibuni nani, na nikimjua nitamfulia shati lake kwa maji ya moto mpaka limtoshe mjukuu wake. Desturi yenyewe ni hii: kwenye kila shindano, aliyeshika namba mbili ndiye anayeandika na kusoma hotuba ya kumpongeza namba moja. Mnaiona hukumu hiyo? Mtu ameshindwa Ijumaa, roho inamuuma, chakula hakipiti, halafu anapewa karatasi na kalamu na kuambiwa, haya, msifu aliyekushinda, na hotuba isipungue dakika kumi.

Basi nitamsifu. Lakini nitamsifu nikiwa na wivu, na wivu wenyewe sitauficha, kwa sababu mnanijua, na hata nikiuficha mtauona usoni.

Kwa wageni ambao hawanijui, mimi ndiye Mfalme wa Pasi. Jina hilo sikujipa. Nilipewa na watu, baada ya kuwakumbusha mara kadhaa. Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme tuliachana kwa makubaliano, na waliokubaliana ni wao. Lakini Kiingereza, ndugu zangu, Kiingereza nilikuwa nacho kabla ya darasa hili. Nani alikuwa anawasomea maandishi kwenye makopo ya sabuni? Nani alimjibu mgeni wa hoteli aliyekuja kudai soksi zake, akaondoka ameridhika bila soksi? Kwa hiyo Mheshimiwa Meneja alipotangaza kwamba mashine mpya zinakuja, na maelekezo yake yote ni Kiingereza, na atakayeongoza mtihani wa darasa ndiye atakayekuwa msimamizi wa chumba cha mashine, mimi sikusikia tangazo. Nilisikia jina langu.

Nilikiona kile kiti cha kuzunguka. Niliuona ule ufunguo wenye utepe wa bluu, unaning'inia shingoni kwangu, juu kidogo ya tumbo. Nilishamwambia shemeji. Nilishamwambia kinyozi. Kinyozi akaanza kuniita bosi, na mimi nikaanza kuitika.

Na mama mdogo je? Nani alimfikiria mama mdogo? Miaka kumi na tisa amekaa kwenye kona ya cherehani, anarudishia vifungo vya makoti ya madaktari, sindano mdomoni, miwani imefungwa kwa uzi. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, ndiye aliyenileta hapa nikiwa sijui hata kukunja foronya, na siku alipokuja kukaa dawati la nyuma nilidhani amekuja kupumzisha miguu.

Siku ya kwanza Mwalimu aliandika ubaoni neno moja tu: "light". Akauliza, nani analijua? Nilisimama kabla hajamaliza kugeuka.

"Taa!" nikasema, nikakaa, nikawaangalia wenzangu mmoja mmoja.

"Ndiyo," Mwalimu akasema. "Na nini kingine?"

"Kingine cha nini tena, Mwalimu? Taa ni taa."

Darasa likacheka, tena lilicheka upande wangu. Ndipo ikasikika sauti kutoka nyuma: "Samahani, Mwalimu. Neno hilo lipo kwenye boksi la sabuni ya unga, na pale hakuna taa. Nadhani wanasema nguo za rangi hafifu. Halafu wale vijana wanaopakia gari wakipewa mfuko wa taulo kavu nao hulisema. Nadhani hapo wanasema mzigo mwepesi."

Mwalimu aliweka chaki chini. Ndugu zangu, kwa miezi sita nimejibu maswali kwa kunyoosha mkono mpaka kwapa likakauka, na Mwalimu hakuwahi kuweka chaki chini kwa ajili yangu. Hata mara moja. Leo nauliza mbele ya watu: Mwalimu, ile chaki ilikuwa nzito siku hiyo tu?

Kuanzia hapo nilianza kumwangalia mama mdogo kwa jicho ambalo si la mtoto. Mimi nilinunua kamusi ndogo ya mfukoni nikameza maneno elfu moja, kila neno na maana yake moja, ile ya kwanza, nikaweka alama ya vema nikasonga mbele. Yeye alinunua daftari. La jalada la kijani, kurasa themanini. Kila ukurasa neno moja. Na haandiki maana mpaka ameisikia kwa mtu, au ameiona imeandikwa mahali, na pembeni anaandika ameitoa wapi. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Nikimwambia leo nimemaliza herufi ya M, yeye ananiambia, "Mimi bado niko kwenye 'press', mwanangu. Kupiga pasi nimeipata, kubonyeza kitufe nimeipata, na fundi wa boila ananiambia hata watu wa magazeti wanaitwa hivyo hivyo. Nangoja kuhakikisha."

Anangoja kuhakikisha! Mimi niko M, yeye anangoja kuhakikisha!

Kuna siku alinifuata kantini mimi nakula na wenzangu. Akaweka daftari karibu na sahani yangu. "Mwanangu, hili neno 'pick up' nina maana mbili tu. Ya kuokota kitu, na ile ya dereva anayekuja kuchukua nguo. Jana Mwalimu kalisema namna nyingine. Hebu nisaidie."

Nami niliijua. Wallahi niliijua. Lakini meza ilikuwa imejaa watu, na Mfalme ni Mfalme. Nikamwambia, "Mama mdogo, kichwa chako kimejaa vifungo. Kiingereza utakiweka wapi?"

Dereva alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Usiiname, dereva, nakuona. Mama mdogo naye alicheka. Akafunga daftari, akalirudisha kwenye mfuko wa aproni, akasema, "Kweli, vifungo vingi." Hakuniuliza tena.

Sasa mnakumbuka siku nne kabla ya mtihani, daftari lilipopotea. Nani hapa hakulitafuta? Kitengo cha kufua mlitoa mashuka yote kwenye vikapu. Fundi wa boila ulizima moto ukaangalia mpaka kwenye majivu. Mheshimiwa Meneja ulitoa tangazo kwenye kipaza sauti. Na mimi nilipekua vikapu vinne kwa mikono yangu, nikitoa jasho, nikisema, "Pole, mama mdogo, litakuwa limeingia mashineni, limeshakuwa uji."

Nitalirudia daftari hilo. Kwanza mtihani.

Sentensi kumi. Mwalimu anasoma, wewe unatenda, na kama haitendeki unaeleza. Nilianza vizuri mno, saba mfululizo, nikaanza kusikia harufu ya kile kiti. Ya nane, Mwalimu akaonyesha vitambaa vyekundu vya meza za hoteli, akasema vile vyekundu "run", fanya inavyotakiwa. Nikajiuliza, vitambaa vitakimbia vipi? Lakini mtihani ni mtihani. Nikafunga mlango visitoroke. Halafu nikavisukumia mashineni pamoja na makoti meupe ya madaktari, ili vikikimbia visiwe na pa kwenda. Ninyi mnaofua mnajua kilichotokea. Kumbe neno hilo ndilo la nguo inayochuja rangi, na mama mdogo alikuwa nalo ukurasa wa tatu. Daktari uliyekaa pale mbele, koti lako ninaliomba radhi. Ila rangi ya waridi imekutoa vizuri.

Ya tisa na ya kumi nilipata. Jumla tisa. Nikasema, hapa hata akinifikia tutagawana kiti.

Akaingia yeye, bila daftari. Moja mpaka tisa hakukosea. Vitambaa vyekundu alivitenga, akaongeza na chumvi ya kushika rangi, ambayo hakuna aliyemwomba. Ya kumi, Mwalimu akasoma sentensi ya mwanamke aliyepata Kiingereza kazini, na ndani yake kulikuwa na lile neno lake, "pick up". Mama mdogo akapapasa mfuko mtupu wa aproni. Akasema, "Aliokota Kiingereza kazini." Watu wakacheka, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, kwa sababu jibu nililijua: ni kujifunza kitu kwa kukisikia tu, bila kufundishwa.

Tisa kwa tisa. Mwalimu akasema basi, ameshinda aliyemaliza mapema zaidi na bila kuharibu nguo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa namba mbili. Kiti kimekwenda. Ufunguo umekwenda. Kinyozi amerudi kuniita dogo.

Jumamosi nilikaa kuandika hotuba hii, na ninaomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu sitaweza kusema mara mbili. Nilitaka mistari ya kumkejeli. Nilitaka makosa yake ya tahajia niwasomee mcheke. Nikaenda kwenye kabati langu la nguo, nikainua aproni ya zamani, nikatoa daftari la jalada la kijani.

Ndiyo. Hili hapa.

Fundi, kaa chini. Nyote kaeni, nitamaliza. Nililichukua mimi. Aproni yake ilikuwa kwenye msumari, yeye ameenda kunywa chai, na mkono huu unaoshika karatasi ndio ulioingia mfukoni mwake. Sikulifungua siku ile. Nilitaka tu asiwe nalo.

Jumamosi ndipo nikalifungua. "Light", maana nne, na ya nne, ya kuwasha moto, pembeni ameandika: kaniambia mwanangu. "Fast", maana ya haraka: kaniambia mwanangu. "Iron", chuma na pasi, zote mbili: kaniambia mwanangu. Mimi nilikuwa napiga kelele pale kwenye meza ya pasi najionyesha kwa watu, na yeye kwenye kona yake, sindano mdomoni, alikuwa anaandika. Nilihesabu, ndugu zangu. Mara arobaini na moja. Mwalimu mwenyewe yumo mara ishirini na sita tu. Samahani, Mwalimu, lakini namba ni namba.

Na ukurasa wa "pick up" una maana mbili, halafu namba tatu, halafu mstari mtupu, na pembeni kwa penseli: nimuulize mwanangu, akiwa peke yake.

Akiwa peke yake. Siku nne alizunguka humu ndani analitafuta daftari hilo, na mwenye jibu alikuwa anapekua vikapu pamoja naye.

Mheshimiwa Meneja, najua Jumatatu msimamizi mpya anachagua msaidizi wake, na kila mtu anajua kwamba nafasi hiyo huenda kwa namba mbili. Ningenyamaza ningeipata. Ningemrudishia daftari kimyakimya, nikasema nimelikuta chini ya mashine, na angenishukuru, maana ndivyo alivyo. Jana nzima nilijiambia nifanye hivyo. Nimeshindwa. Sijui ni kwa nini, msiniulize.

Mama mdogo, njoo uchukue daftari lako. Hapana, kaa, nitaleta mimi.

Ukurasa ule nimeujaza. Namba tatu: kujifunza kitu kwa kukisikia tu, bila kufundishwa. Pembeni nimeandika: kaniambia mwanangu, kwa kuchelewa. Mwandiko wangu unaujua, utausoma hivyo hivyo.

Wivu haujaisha. Nisiwadanganye nikiwa nimevaa shati safi. Nikiuona ufunguo ule shingoni mwako roho bado inanichoma, na kile kiti ukikizungusha mbele yangu nitaondoka chumbani. Lakini umeshinda, mama, na ungenishinda kwa moja zaidi kama mwanao angekujibu pale kantini. Hiyo moja ni yako. Mwalimu, iandike: kumi kwa tisa.

Jumatatu nitakuwa kwenye meza yangu ya pasi saa mbili kamili. Ukiniita chumba cha mashine, nitakuja mbio. Ukimwita mwingine, nitapiga pasi, na ukiwa na neno lolote la kuuliza, uliza tu, hata watu wakiwepo.

Mheshimiwa Meneja, nakushukuru kwa darasa. Mwalimu, nakushukuru kwa chaki, yote uliyoishika na ile uliyoiweka chini. Wageni wetu, mashuka yenu yatakuwa tayari kesho. Nanyi wenzangu, kwa kunivumilia mpaka neno hili la mwisho bila kunirushia foronya, asanteni sana.