Boniface Muteti, Aliyekataa Kuchapa Uso Wenye Mstari

Ndugu yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956 huko Mwala, Machakos, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Katee na marehemu Mama Kathini. Alisoma hapo hapo Mwala, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975. Walimu wake walisema alikuwa na mwandiko mzuri, na kiburi cha mwandiko huo. Kiburi hicho hakikumtoka.

Mwaka 1983 alimwoa Celine Nthenya, wakaishi Embulbul kabla ya kuhamia Kitengela. Alikuwa karani wa kiwanda hadi 1998, kazi ilipokwisha, akafungua duka la kuchapa: meza moja, printa moja, na wateja wengi wa matanga.

Katriji ya printa ikiisha wino, aliijaza upya kwa sindano. Celine, mwenye haraka zake, siku ya kwanza kumsaidia aliitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi. Povu likajaa, picha zikatoka na mistari myeupe. Muteti alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamweleza: "Wino haukubali kubonyezwa, hewa inakubali. Kiputo kikikaa ndani kinameza msukumo wote, wino haufiki kwa karatasi. Jaza polepole, halafu uiache itulie." Tangu hapo Celine ndiye aliyejaza, na mzee ndiye aliyesifiwa.

Mwaka 2003 ilikuja familia iliyokuwa ikimpeleka binti yao Rombo kuzikwa. Ratiba ya kwanza ya mazishi, yenye picha yake, ilitoka na mstari mweupe kwenye macho ya msichana.

"Mzee, tupatie tu hivyo, gari inangoja," mjomba wake akasema.

"Ingoje. Mama ameniambia hana picha ingine ya huyu mtoto."

Muteti akavuta hewa kwa sindano, akaiacha katriji itulie huku wakimnung'unikia. Yule mama aliondoka amekumbatia uso mzima wa bintiye, na kila Desemba alipita dukani kumsalimia.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2007. Alipolazwa Kajiado, nesi aligonga mrija wa dripu ili kutoa hewa. "Umeona, Celine?" akanong'ona. "Hata hapa wanajua kazi." Alituacha tarehe 14 Oktoba 2008, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Kimetuuma sana kifo hiki.

Ameacha watoto wake Mumo na Musila, mjukuu Munyiva, ndugu yake Maundu anayewasomea haya, na mjane wake Celine. Jana ratiba hii ilitoka na mstari kwenye paji la uso wa Muteti. Sisi ndugu tukasema itatosha, watu wamechoka. Celine alivuta hewa, akaiweka katriji mezani, akaketi kando yake mpaka ikatulia. Ndiyo maana ratiba zimechelewa kuwafikia. Mtazameni sasa, hana mstari hata mmoja.

Apumzike kwa amani, na mtu yeyote asimharakishe.