Silifungui Mpaka Afungwe

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka msusi wa kibanda cha bluu, mkabala na posta. Wengi tulimwita Dada Begi. Amefariki kwa maradhi ya moyo, siku chache kabla ya hukumu aliyoingoja sana. Narudia: kabla ya hukumu. Shikeni hapo, nitarudi.

Mnamkumbuka Bosi wa Viza? Yule wa ofisi ya vioo, kiyoyozi, na picha ya ndege ukutani. Hakuwa na leseni ya kupeleka watu kazini ng'ambo. Hakuwa na leseni, nasema tena. Alichokuwa nacho ni suti na mdomo. Alimwahidi dada yetu kazi ya saluni kwenye hoteli kubwa. Dada akauza vifaa vyake, akamlipa, akanunua begi la magurudumu, akaagwa. Majirani walicheza, wakala, wakalia. Kesho yake, uwanja wa ndege, akaambiwa viza ni ya bandia.

Sasa, waliotapeliwa kabla yake walijificha. Yupo aliyepanga chumba mtaa wa pili tu, akawa anawapigia simu wazazi na kuwaambia huku baridi ni kali. Msimcheke. Umeagwa jana, leo umerudi, uso utauweka wapi?

Dada Begi alirudi mchana kweupe. Alilikokota begi mtaa mzima, magurudumu yakipiga kelele, akasalimia kila mlango. "Nimerudi. Nimetapeliwa." Kisha akamtaja aliyemtapeli.

Binti yake alikuwa naye. Anatuambia: "Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema, mama, tupite uchochoroni. Akanijibu, uchochoroni apite mwizi."

Begi akalitua kwenye kona ya kibanda, limefungwa vilevile. Wateja wakamuuliza, hulifungui? Akasema, "Silifungui mpaka afungwe." Walidhani utani. Nguo zake zote nzuri zilikuwa humo, na yeye akabaki na magauni mawili, hili analivaa, lile liko kambani.

Maneno yale yalifika mbali. Waliojificha wakaanza kuja mmoja mmoja, eti kusuka. Wakiinamisha kichwa tu, machozi. Aliwamalizia nywele, kisha akawapeleka polisi mwenyewe. Bosi akashitakiwa: kuajiri watu kwenda ng'ambo bila leseni, na kujipatia fedha kwa udanganyifu.

Bosi akatuma mjumbe. Dada atarudishiwa chake, mradi asiende kutoa ushahidi. Haya mambo tuyamalize nyumbani. Na wasikilizaji, mnajua kesi ngapi hufia hapo. Dada hakuacha hata kusuka. "Nyumbani kwa nani? Mimi kwangu nilishaagwa."

Mahakamani alikwenda na begi. Wakili wa mshitakiwa akamuuliza kama haoni aibu, mtu mzima kudanganywa kitoto hivyo. Akajibu, "Aibu ninayo, wakili, ila si yangu. Nimekuja kumrudishia mwenyewe."

Huo ndio ushahidi aliotuachia. Moyo wake ukasimama akiwa kibandani, mteja kitini. Imeniuma, na sioni haya kusema hewani.

Siku ya hukumu, magurudumu yalisikika tena koridoni. Binti alikuwa analikokota. Wale waliojificha wakamfuata nyuma, nyuso wazi. Bosi wa Viza alipatikana na hatia. Miaka saba jela. Hatia, wasikilizaji. Jioni ile begi likafunguliwa. Juu kabisa lilikuwa sweta zito, bado lina lebo ya dukani. Binti akalivaa, joto lote lile, akalia mpaka akacheka.

Kwa binti, ndugu na wateja wake, tunasema poleni sana. Tumepoteza mtu. Na wewe unayetusikiliza ukiwa chumba cha kupanga, unayewaambia wazazi kwamba huku baridi ni kali, nakuomba utafakari leo: unamfichia nani siri? Fungua mlango. Toka kwa njia kubwa.

Ningependa kuishia hapo. Lakini jana Bosi wa Viza amekata rufaa.

Binti yuko nami studioni. Nimemuuliza itakuwaje. Ameniambia sweta amelikunja, amelirudisha mahali pake, na zipu ameivuta mpaka mwisho. Begi liko hapa, miguuni pake. Limefungwa.