Magogo Anayaacha Magari Mawili ya Kifaransa

Kosa wanalofanya wengi ni kudhani kwamba gari linalojiinua lenyewe litajishikilia lenyewe. Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi wetu mkuu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika gereji hii. Kwa kuwa yeye hapendi kusimulia, acha nieleze kwa nini tunamwita Magogo.

Alianza kazi pamoja na mdogo wake wa tumbo moja. Mkubwa mkimya, mdogo aliongea hata na magari: "Pole bibi, umeletwa kulazwa?" Tajiri wa gereji akawakabidhi Citroën zake mbili za kale.

La kwanza, Traction jeusi la miaka ya thelathini, lilivutwa na magurudumu ya mbele wakati magari mengi yalisukumwa na ya nyuma. Lakini ukitaka kuingia chini yake, uliinue kwa jeki, kwa mkono wako. Unajua kilicholibeba, kwa hiyo unaliogopa.

La pili, DS la miaka ya sitini, halina springi za kawaida. Limebebwa na mafuta na gesi vilivyoshindiliwa. Ukiliwasha linanyanyuka nyuma kwanza, kisha mbele, kama ngamia. Ndani kuna wenzo wa kulipandisha juu kabisa, mpaka mtu mwembamba anapenya chini bila jeki. Ukizima, baada ya muda linashuka polepole. Ukilegeza bomba la mafuta, halishuki. Linaanguka.

Mdogo mtu alipenya hivyo asubuhi moja. "Kaka, hili limesoma, halihitaji jeki," alisema, akashika spana kulegeza bomba la mafuta. Kaka yake alikuwa hatua chache pembeni, chini ya Traction. Tulipoliinua lile DS, hapakuwa na la kufanya.

Tulidhani kaka mtu atalikataa gari lile. Alilitengeneza mwenyewe, akafunga bomba lile lile kwa mkono wake. Kisha akakata mbao nene kama magogo, akaanza kuziweka chini ya kila gari linaloinuliwa hapa, liwe zima au bovu, la kale au la jana. Mafundi wakamcheka: "Baba, kuni zote hizi unapika nini?"

"Nawapikia uzee," akajibu.

Tangu hapo hatujamzika mwingine. Ametengeneza injini zisizohesabika, lakini kwenye cheti chake mimi ningeandika hilo peke yake.

Jumatatu, tulipokuwa tukipanga viti vya kumuaga, aliona viatu vimechomoza chini ya gari lililosimama kwa jeki tupu. Akaivuta ile miguu. Alikuwa mkwewe, ndiye atakayeshika nafasi yake.

"Baba, ni dakika mbili tu!"

"Mdogo wangu hata hizo hakupewa. Binti yangu nimwambie nini?"

Mkwe alikaa sakafuni, mafuta usoni. Magogo akaweka mbao, akaenda kunawa. Tangu siku hiyo ukimtajia sherehe anatazama tu sakafu ya gereji, akitafuta viatu vingine.

Magogo, asante kwa wote uliowarudisha nyumbani kwa miguu yao. Tunakuombea usingizi usioshtuliwa na kishindo cha chuma, na wajukuu watakaokuchosha kwa maswali.

Nanyi mnaobaki: leo, kabla ya kwenda kula, kila mmoja arudi kwenye gari aliloliinua, aweke magogo chini yake.