Hatua Ishirini za Migomba

Benchi letu la kahawa mbele ya duka la Hersi, hapo Garsen, lilikuwa mtumbwi mbovu uliofudikizwa. Asubuhi hiyo ya kiangazi, mwaka wa 1957, tuliukalia wanne: Hersi mwenyewe na birika lake, Wakili, ambaye hakuwahi kuingia mahakamani, Redio, ambaye hakuwa na redio, na mimi Jilo, mkulima niliyesomea misheni ya Golbanti. Mbele yetu vijana wa Kipokomo, wakulima, na wa Kiorma, wafugaji, walikuwa wakifyeka malka, njia ya ng'ombe kushukia mtoni kati ya mashamba. Ilikuwa wiki ya tatu. Zilibaki hatua ishirini, nazo zilipita katika migomba yangu. Katika migomba hiyo mwanangu Dado alichomwa mkuki akafa kiangazi kilichopita, siku ng'ombe walipoingia shambani kwa kukosa njia. Mkono ulikuwa wa nani, Mungu ndiye ajuaye. Binti yangu Sabdio, mmoja wa wafyekaji hao, alikuwa ameniomba hatua zile. Siku tatu sikumjibu.

— Wiki tatu na hawachoki! alisema Redio. Wamepewa dawa.

— Dawa gani?

— Ya kiboko. Unaramba mara moja, hulali mwezi mzima.

— Acha uongo, Redio, alisema Wakili. Serikali imewaahidi eropleni. Wakimaliza, wote wanapelekwa Mombasa kunywa soda.

— Na ng'ombe je?

— Ng'ombe watafuata kwa miguu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hapo mgeni ni nani?

— Eropleni.

Hersi alicheka hadi kahawa ikamwagika.

— Mimi nafungua duka alfajiri, ninyi mmelala, alisema. Nawaona wakipita. Sabdio amebeba ndizi za kuchemsha za kumlisha Wako, yule kijana wa Kiorma. Wako amebeba maziwa ya kumpa Sabdio.

— Posa hiyo! alipiga kelele Redio. Mzee Jilo, tayarisha zizi!

— Posa gani? alisema Hersi. Wote wako hivyo, wawili wawili. Hakuna anayebeba chakula chake. Nilimwuliza Wako, siku moja hamtaki kulala? Akaniambia, "Nikilala, mwenzangu atakula nini?"

Wakili alitafuta methali, akaikosa.

Wakati huo akaja mama mmoja kutoka nyikani, jina lake Gumato, na ng'ombe kumi na wawili waliokonda. Alikuwa amefuata njia mpya hadi ilipokoma. Alisimama mbele yetu, akaweka fimbo chini kwa heshima.

— Wazee, salaam aleikum. Ng'ombe yangu iko na kiu. Pale mbele kuna ndizi. Mimi naomba nani?

Redio alitazama kikombe chake. Hersi aliinua birika, lilikuwa tupu.

Niliinama nikasali. Nilikuwa nimesali mwaka mzima nionyeshwe aliyemuua mwanangu. Siku hiyo niliomba nguvu za magoti tu, niinuke.

— Nifuate, mama, nikasema.

Nilichukua panga mkononi mwa Sabdio. Mgomba wa kwanza niliukata mimi, na vijana wakaifyeka iliyobaki, wakiimba kwa Kipokomo na Kiorma, kila mtu wimbo wake. Wakili alivua shati akakokota magogo. Jua halijafika utosini, ng'ombe wa Gumato walitumbukiza midomo mtoni, wala hakuna jani la jirani lililoguswa. Kelele zilizopigwa hapo zilivuka hadi ng'ambo.

— Si niliwaambia! alikuwa akisema Redio. Si niliwaambia watamaliza!

Wako alinijia na kibuyu cha maziwa, akakishika kwa mikono miwili.

— Baba, hiki ni chako. Siku ya nne leo nabeba cha kwako. Ulikuwa huji.

Nilikunywa chote. Kisha nikaenda nikainua mkungu wa ule mgomba nilioukata, nikamtwika Wako begani.

— Na hizi ni zako, mwanangu.